Kabla Hujakata Springi: Historia Fupi ya Mikono ya Nyuma, Kutoka Safari Rally Hadi Kona za Wundanyi

Wasee, leo sina video ya gari ikipita polepole na muziki nyuma. Leo nataka tuongee historia. Najua nusu yenu mmeshaanza kusukuma skrini juu, lakini kaeni kidogo. Hii story inahusu matairi yenu, pesa zenu, na pengine shingo zenu.

Desemba iliyopita binamu yangu alipanda huku Mwanda na Subaru Impreza yake kuja kumsalimia nyanya. Ameishusha, na siwezi kumdanganya mtu, inapendeza. Kutoka Voi hadi Mwatate hakuna shida. Kuanzia Mwatate zinaanza zile kona za kupanda Wundanyi, na yeye akaanza kusikia nyuma ya gari inayumba kama mtu aliyevaa kiatu kisichomtosha. Kabla hajafika Wundanyi tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Bahati yake alikuwa anapanda, mwendo wa pole, akasimama kando. Ukiitazama ile tairi kwa nje, maua yake bado yalikuwa mazima. Ukichungulia ndani, nyaya zimetoka nje kama nywele. Tairi ya miezi minne.

Alipofika nyumbani nyanya aliizunguka gari mara moja, akauliza, "Na hii mbona imekaa kama kuku anayeatamia?" Tulicheka. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria barabara ile ile akiwa anateremka, gari ikiwa na watu watano.

Nikamuuliza alifanya nini. Springi zilikatwa kwa grinda. Baada ya hapo akaenda kupimwa alainimenti mahali fulani, wakamwekea mbele sawa, wakamwambia nyuma ya gari hiyo "haina kurekebisha". Akalipa, akaenda. Nusu ya maneno hayo ni kweli na nusu si kweli, na hiyo nusu ya pili ndiyo ilinifanya nianze kusoma hii historia.

Sisi tulianza kwa kuinua

Hapa kwetu kugusa sasipensheni ya gari si jambo jipya. Kitu kipya ni upande tu. Wazee wetu waliinua, sisi tunashusha.

Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Baadaye yakawa East African Safari, halafu Safari Rally tunayoijua. Gari zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi njia ya Mombasa ilipitia hii Milima yetu ya Taita. Waulize wazee wa hapa. Wanakumbuka Pasaka ya vumbi, watoto wamejipanga kwenye kingo, gari inasikika dakika nzima kabla haijaonekana.

Hizo gari zilitengenezwa kwa barabara za Ulaya, na barabara zetu hazikuwa na huruma. Mwaka 1963 zilianza zaidi ya gari 80, zikamaliza saba. Mwaka 1968 tena zikamaliza saba. Waliomaliza walikuwa watu wenye kasi, sawa, lakini zaidi walikuwa watu walioelewa nini kinavunjika kwanza. Walibadilisha springi, wakaimarisha mahali shoki zinaposhikilia bodi, wakaongeza vyuma kwenye mikono ya chini, wakainua gari ili tumbo lisiguse mawe.

Mtu ninayempenda kwenye hadithi hii ni Joginder Singh. Kabla ya umaarufu alikuwa mtu wa spana. Baba yake alikuwa na gereji, na yeye aliwahi kufanya kazi ya doria ya barabarani ya chama cha madereva, kusaidia watu waliokwama. Mwaka 1965 alishinda Safari na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Ukisikia watu wanasema mekanika ni mtu aliyeshindwa na masomo, mkumbushe huyo mzee. Mimi mwenyewe nimetoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hiyo nina sababu zangu za kumpenda, lakini ushindi wake si maoni yangu.

Wakati huo huo Peugeot 404 na 504 zilikuwa zinajijengea jina. 404 ilishinda Safari mara kadhaa miaka ya 60, 504 ikashinda 1975 na 1978. Pijo zikawa gari za watu, zikaunganishwa hapa hapa Mombasa, zikabeba abiria, mizigo, maiti na maharusi. Na hapa ndipo nataka muangalie kitu. 504 za saluni zilizoenda Ulaya nyingi zilikuwa na nyuma ya kujitegemea, yaani kila gurudumu la nyuma na mkono wake. Zile steshoni wagoni za kubeba mzigo zilikuwa na ekseli ngumu, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na springi nne za koili. Kiwanda kilijua kwamba barabara na mzigo ndivyo vinavyochagua nyuma ya gari, urembo unakuja baadaye.

Hiyo akili haijapotea. Angalia Probox zinazopanda huku na mifuko ya kabeji na viazi. Nyuma yake ni ekseli ngumu na koili. Wenyewe wanaweka spesa na springi nzito zaidi, gari ikiwa tupu inanyanyua makalio kama sungura, ikibeba inakaa sawa. Kwa sababu ekseli ni moja, ukiinua au ukishusha kiasi, matairi ya nyuma yanabaki yamesimama wima. Hiyo sentensi ikae kichwani, tutairudia.

Fundi aliyepewa jina baadaye

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu Kenya, na ndiyo iliyofanya wakubwa waanze kutumia maneno "sekta isiyo rasmi". Hapa nyumbani tulikuwa na jina letu: jua kali. Watu wanaofanya kazi ya chuma bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji akawaona wakigonga mabati juani, na baada ya hapo serikali ikaanza kuwaongelea kwenye karatasi zake za sera.

Lakini kabla ya karatasi, jua kali walikuwa tayari wanafanya uhandisi. Springi ya lori ikivunjika, bamba lake linakuwa panga au jembe, kwa sababu fundi anajua kile ni chuma kigumu kinachokubali moto na makali. Lori likibeba sana, anaongeza bamba moja. Hakuna aliyeitwa injinia, lakini kila mmoja alijua chuma gani kinapinda na kipi kinakatika ghafla.

Halafu miaka ya 90 soko likafunguliwa, gari za mtumba kutoka Japani zikamiminika bandarini. Baadaye sheria ikasema isizidi miaka minane. Pamoja na gari hizo likaja penzi letu na Subaru. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na kale ka-Subaru Vivio kadogo kuliko bajaji, karibu, na nchi nzima ikamjua. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda na Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda na Impreza. Mtoto aliyeona hizo gari za bluu zikiruka kwenye runinga ndiye baba wa mtoto anayekata springi ya Impreza leo.

Kinachochekesha ni kwamba tuliipenda ile gari ikiwa juu, imejaa matope. Lami ilipofika, tukaiweka chini. Na mimi simlaumu mtu. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta ilipata lami miaka ya 2010, na ghafla kijana wa Voi anaweza kuendesha kilomita nyingi bila kukutana na jiwe. Barabara ikibadilika, gari inabadilika. Ni jambo lile lile walilofanya wa 1953, kwa kugeuza tu.

Mikono mingi, shida nyingi

Sasa turudi kwa tairi ya binamu. Kwa nini Probox ukiishusha haili tairi hivyo, na Impreza inakula?

Kwa sababu ya mikono. Wajerumani wa Mercedes-Benz mwishoni mwa 1982 walitoa gari inaitwa 190, na nyuma yake kila gurudumu lilishikwa na mikono mitano. Kila mkono una kazi yake: mmoja unazuia gurudumu lisiende mbele na nyuma, mwingine unashika juu, mwingine chini, mwingine unaamua tairi inaangalia wapi. Faida yake ni kwamba gurudumu likipanda na kushuka, linabaki limekanyaga vizuri. Wajapani wakafuata haraka. Nissan Silvia ya 1988 ilikuja na mikono mingi nyuma. Honda Civic za mwishoni mwa miaka hiyo zikaja na mikono ya juu na chini. Impreza za zamani zikabaki na njia yao: shoki na springi zimesimama pamoja juu ya gurudumu, chini kuna mikono miwili ya kukata gari kwa upana na mmoja wa kwenda mbele.

Mikono hii yote inazunguka kwenye bushi za mpira. Kiwanda kilipima urefu wake kwa kimo kimoja tu cha gari, kile ilichotoka nacho. Ukishusha gari, mkono haujabadilika urefu, lakini umebadilika pembe. Na mkono unaozunguka hauendi juu tu, ncha yake inachora duara.

Chukueni mfano wa hesabu, si wa gari fulani. Mkono wa juu una milimita 250, wa chini 400, yote imelala sawa. Shusha gari milimita 75. Ncha ya mkono wa juu inavutwa ndani kama milimita 11 na nusu. Ya chini inavutwa kama 7. Tofauti ni milimita 4 na nusu. Kama mikono hiyo imeachana milimita 200, gurudumu limeshaegemea ndani zaidi ya digrii moja. Hapo hujahesabu ule mwegemeo liliotoka nao kiwandani. Huo mwegemeo ndio mafundi wanaita kemba.

Kwenye Impreza ya binamu mambo ni kinyume kidogo lakini mwisho ni ule ule. Mikono ya chini ilikuwa imeinamia chini, gari iliposhuka ikanyooka, ikasukuma sehemu ya chini ya gurudumu nje. Juu pamebaki palepale. Tairi ikaegemea ndani.

Lakini kemba peke yake haimalizi tairi ndani ya miezi minne. Muuaji ni mwenzake, yaani tou, mahali tairi inaangalia. Tairi ikiangalia pembeni digrii moja tu, kila kilomita unayoendesha inaburuzwa kando karibu mita 17. Voi hadi Mombasa ni kama kilomita 150. Yaani ukifika Mombasa, tairi yako imeburuzwa kando kilomita mbili na nusu na zaidi. Weka kemba juu yake, na uzito wote wa huo mburuzo unakaa kwenye ukingo wa ndani, mahali hauoni ukiwa umesimama ukipiga picha gari.

Sasa ile "haina kurekebisha". Nyuma ya hiyo Impreza kuna bolti moja kila upande, yenye umbo la yai, ya kurekebisha tou. Kwa hiyo tou ilikuwa inarekebishika kiasi. Kemba ndiyo kiwanda hakikuweka kitu, kwa sababu kiwanda hakikutarajia mtu na grinda.

Jointi iliyotoka kwa ndege ya vita

Dawa ya mkono wenye urefu usiofaa ni mkono unaobadilika urefu. Bomba la chuma, ncha mbili zenye uzi, na kwenye kila ncha jointi: mpira wa chuma ndani ya pete ya chuma, unaocheza kila upande bila kulegea.

Hiyo jointi ina historia ya ajabu. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliangusha ndege za Wajerumani, wakazifungua, wakazikuta ndani ya mitambo ya kuongozea mabawa. Uingereza ikaanza kutengenezwa na kampuni ya Rose, na Marekani na kampuni ya Heim. Ndiyo maana mpaka leo Mwingereza anaiita kwa jina la Rose na Mmarekani kwa jina la Heim, na wote wawili wanataja kitu walichookota kwa adui. Baada ya vita ikaingia kwenye gari za mashindano, halafu madukani.

Na kushusha je? Kulianza mbali na sisi. Vijana wa Kimeksiko wa California walianza kushusha gari zao kwa mifuko ya mchanga na kwa kukata springi. Mwaka 1958 California ikapitisha sheria: hakuna sehemu ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre akaweka pampu za mafuta za mitambo kwenye Corvette yake, akawa anaishusha akitaka sifa na kuiinua akiona polisi. Ona hiyo akili. Sheria ilimwambia hapana, akajibu kwa kitu kinachorekebishika. Japani nao wakaja na mtindo wao wa matairi yaliyoegemea kama miguu ya pepo, na hata jina lake linataja pepo. Picha za hao Wajapani ndizo zilizotufikia sisi kwenye simu.

Hapo ndipo naona kosa letu. Picha ilifika. Mkono haukufika. Tuliona kimo cha gari, hatukuona kazi iliyofanyika chini yake. Yule Mjapani aliyelaza tairi digrii kumi amelaza kwa makusudi, amerekebisha tou, na anajua tairi yake ni ya wiki ngapi. Sisi tairi imelala kwa bahati mbaya, na tunapanda nayo Wundanyi na watoto nyuma.

Mzee wa Voi

Nilimpeleka binamu kwa fundi mmoja mzee Voi. Mkononi alikuwa ameshika wazo lake: kata mkono wa asili katikati, chomelea bolti ndefu ndani, weka nati, imeshakuwa ya kurekebisha. Ameiona kwa mtu.

Mzee hakumaliza hata kusikiliza. "Kijana, hiyo bolti ulishawahi kuiuliza ilizaliwaje?"

"Hapana, mzee."

"Ilipikwa kiwandani ikawa ngumu. Wewe ukiichomelea, unaipika upya bila kujua umeipika hadi wapi. Pale kando ya mchomo ndipo itakatikia. Na haitakupigia simu kwanza."

Hiyo nilisoma baadaye nikaikuta ni kweli kabisa. Bolti ngumu hupata nguvu zake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Joto la kuchomelea linaziondoa, na linaondoa pale pale mkono unapovutwa zaidi.

Kwa hiyo tukafanya kazi yenyewe. Ilituchukua wiki sita, Jumamosi kwa Jumamosi.

Kwanza kupima. Mzee alifunga uzi wa kuvulia samaki kila upande wa gari, sambamba, akapima kutoka kwa uzi hadi kwenye rimu, mbele na nyuma ya gurudumu. Hiyo ndiyo alainimenti ya watu wa rali wakiwa porini, na ukifanya kwa utulivu inasema ukweli. Kemba tuliipima kwa bamba la chuma lililonyooka na pima maji ya simu. Nyuma kushoto: digrii tatu hasi. Tou ilikuwa mbaya kiasi kwamba mzee alipima mara mbili.

Pili, kujua mkono unabeba nini. Hii ni muhimu, naomba msome polepole. Kwenye Impreza hii springi imekaa kwenye shoki, kwa hiyo hiyo mikono miwili ya chini kazi yake ni kuvutwa na kusukumwa tu. Bomba lililonyooka linaweza kazi hiyo. Kuna gari nyingine springi imekaa juu ya mkono wenyewe, hapo mkono unapindwa kila tuta. Ukiweka bomba lako la jointi pale, umetengeneza ajali. Usinakili mkono wa gari ya mwenzako bila kuangalia springi imekaa wapi.

Tatu, kutengeneza. Bomba zito lisilo na mshono, si bomba la maji. Uzi wa kulia ncha moja, uzi wa kushoto ncha ya pili, ukikatwa kwa mashine ya kukereza, mchomo hakuna. Uzi unasonga milimita moja na nusu kwa mzunguko, na kwa sababu ncha zote mbili zinaingia au kutoka pamoja, mzunguko mmoja wa bomba ni milimita tatu. Tulifupisha mikono yote miwili kila upande kama milimita 15, yaani mizunguko mitano, kemba ikarudi karibu digrii moja na nusu. Kisha tukagusa mmoja tu kidogo kidogo mpaka tou ikakaa. Hilo ndilo somo lote: ukigusa miwili sawa, unasogeza kemba. Ukigusa mmoja, unasogeza tou.

Nne, kukosea. Toleo la kwanza lilikuwa na jointi za chuma ncha zote mbili. Lilikuwa tamu kwa wiki mbili. Halafu likaanza kugonga. Vumbi letu jekundu liliingia kwenye jointi likaisaga kama unga. Na nati moja ya kufunga uzi ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Mzee akarudisha bushi ya mpira upande wa ndani, akaacha jointi upande mmoja tu na kuivalisha kofia ya mpira, na nati zote zikapigwa alama ya rangi nyeupe. Alama ikihama, nati imehama. Rangi ya mia moja inakuambia kitu ambacho sauti itakuambia ukiwa umechelewa.

Na springi zilizokatwa zikatupwa. Springi ikikatwa inabaki fupi, na gari ikiruka inaweza kukaa vibaya kwenye kikombe chake. Tulinunua fupi za kiwanda na kuipandisha gari sentimita mbili. Binamu alinuna siku moja. Leo matairi yake ya nyuma yamelika sawa, nje na ndani.

Maoni yangu, mnaweza kunipinga

Kuna wanaosema hizi gari zipigwe marufuku kabisa. Siwaungi mkono. Hiyo ni kumwambia kijana asiguse chuma, na nchi hii imejengwa na watu waliogusa chuma. Kama walioinua 504 na Lancer tunawaita mashujaa, aliyeshusha Impreza kwa vipimo naye anafanya kazi ya ukoo huo huo.

Kuna upande wa pili, wale wa "jua kali wanaweza kila kitu". Nao siwaungi mkono. Mkono wa nyuma si geti la nyumba. Geti likikatika unaita fundi tena. Mkono ukikatika kwenye kona ya kuteremka, gurudumu linaangalia kwake na gari inaangalia kwake, na chini kule kuna mashamba ya watu.

Ninachotaka kiko katikati na kinawezekana. Kaunti yetu ina vyuo vya ufundi. Viwe na mashine ya kuvuta chuma mpaka kikatike, na mafundi wa Voi, Mwatate na Taveta walete mikono yao, walipe kidogo, iviwe mbele yao. Mkono uliopita upigwe chapa. Mzee wangu angefaulu na angepata wateja mpaka Mombasa. Yule wa kuchomelea bolti angeona kwa macho yake inakatika kwa uzito gani, na mimi naamini hangeiweka tena kwa gari ya mtu. Watu wengi wanaofanya vibaya hawajawahi kuona kitu chao kikivunjika mezani. Kinavunjika barabarani, wao hawapo.

Mpaka hiyo siku ifike, fanya haya. Lala chini ya gari yako leo, washa tochi ya simu, pitisha mkono ukingo wa ndani wa tairi za nyuma. Ukikuta ni laini na nje kuna maua, usisubiri. Ukipimwa alainimenti dai karatasi ya magurudumu yote manne, na ukiambiwa nyuma haina kurekebisha, uliza: tou au kemba? Fundi anayejua atakujibu. Asiyejua atakasirika. Na kama pesa ni ya kitu kimoja tu, kati ya kushusha na mikono, subiri upate ya vyote viwili. Gari ya kimo cha kawaida yenye matairi mazima bado itakufikisha kwa nyanya yako.

Yetu inapanda tena Pasaka. Nyanya ameshaambiwa imeinuliwa sentimita mbili. Amesema sasa kuku ameanguliwa.